Mashine Ikiweza Yote, Nani Atatuhitaji?

Machi 2016, jijini Seoul, Lee Sedol, mmoja wa wachezaji wakubwa duniani wa Go, mchezo wa ubaoni wa kutumia akili kama sataranji, alifungwa michezo minne kwa mmoja na programu iitwayo AlphaGo. Mwaka 2019 akastaafu. Alieleza kuwa hata angerudi kuwa namba moja, bado kungekuwa na kitu asichoweza kukishinda. Mtu aliyeujua mchezo huo tangu utotoni hakuona tena sababu ya kushindana.

Wanaoiogopa akili mnemba husema yaliyomkuta yeye yatatukuta sote: mfasiri, mhasibu, mchoraji, mwandishi wa programu. Siku mashine itakapofanya kila kitu vizuri kuliko sisi, tutaamka asubuhi kufanya nini?

Wenye matumaini hujibu kwa mfano wa sataranji. Mei 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wakati ule. Leo programu iliyomo kwenye simu ya mkononi inaweza kumshinda bingwa yeyote. Hata hivyo sataranji haikufa. Mamilioni wanaicheza mtandaoni, na wanaitumia mashine hiyohiyo kujifunza. Watazamaji bado wanamfuata binadamu, ambaye mkono unamtetemeka saa yake ikikaribia kuisha. Basi, wanasema, tutaendelea kuimba, kulima bustani na kucheza, kwa kuwa tunapenda.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini kwangu inafika nusu ya njia. Mchezo huchezwa kwa ajili ya mchezo wenyewe, ila kazi nyingi haziko hivyo. Mfasiri anayetafsiri maelekezo ya dawa anajua kwamba akikosea, mgonjwa atameza vidonge viwili badala ya kimoja. Mashine ikifanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi tena bure, hakuna atakayemkataza kuendelea kutafsiri nyumbani kwake jioni. Lakini kilichomfanya ajione mtu mbele za watu ni kujua kwamba kuna mgonjwa anayemtegemea. Ukimwambia aifanye kazi ileile kama burudani, umemwachia ganda.

Kuhusu hili tuna ushahidi wa zamani kuliko kompyuta. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, kijiji kimoja cha Austria, kilipofungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi, karibu kijiji kizima kilikosa ajira. Watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza maisha ya watu hao, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1933. Ungetarajia watu wenye muda tele wasome zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama, na wengi hawakubeba saa. Wanawake walitembea kwa kasi kuwazidi, kwa sababu wao walikuwa wamepoteza mshahara tu: watoto bado walisubiri chakula na nguo zilihitaji kushonwa viraka.

Mtu anaweza kusema kilichowavunja ni umaskini, na kwamba ukimlipa kila mtu posho ya kutosha hadithi itabadilika. Kwa sehemu nakubali, na ni kweli pia kwamba mazungumzo ya maana ya maisha hayana uzito kwa mtu asiyejua atakula nini. Suala la nani atamiliki mashine hizi na nani atagawiwa faida yake lazima lije kwanza. Lakini posho haielezi tofauti ile ya mwendo barabarani. Wanaume na wanawake wa Marienthal waliishi kwenye nyumba zilezile, na njaa yao ilikuwa moja. Tena wanawake wengi walitamani kurudi kiwandani, ingawa huko walichoka maradufu, na si kwa ajili ya fedha peke yake.

Ndiyo maana naona swali la kama mashine inaweza yote si zito kama swali la kama bado kuna mtu anayetutegemea. Yapo mambo ambayo aliyeyafanya ni sehemu ya jambo lenyewe. Ukifiwa, ukapokea rambirambi ya kurasa mbili iliyoandikwa na programu, haina kosa hata moja la herufi. Kisha mtu anakuletea mistari mitatu yenye makosa, akikumbuka jinsi marehemu alivyomsubiri kituoni usiku mvua ikinyesha. Hiyo ya pili ndiyo utakayoitunza. Msamaha, ahadi na malezi viko hivyo pia.

Lakini hata hapa sina uhakika kamili. Wapo watu wapweke wanaofarijika kwa kuzungumza na mashine usiku wa manane, na siwezi kuwabeza. Inawasikiliza bila kuchoka. Ninachokiona kimepungua ni kwamba mashine hiyo haiwaombi chochote. Haina siku itakayougua ikahitaji wao waje. Na sisi tusio wapweke tunaelekea hukohuko kidogokidogo: zamani ulimwomba mwenzako akusaidie barua, au akueleze hesabu iliyokushinda, naye akaondoka akijua ana faida kwako. Leo unaiuliza simu. Unapata jibu zuri zaidi, na yeye hajui kwamba ulikwama.

Je, tuwaachie watu kazi kwa makusudi hata pale mashine inapowapita? Si kila mahali. Kama programu itauona uvimbe wa saratani ambao jicho la daktari limeukosa, kumnyima mgonjwa kipimo hicho ili daktari abaki na heshima yake ni ukatili, na hapo ningeikabidhi mashine bila mjadala. Ila kuketi na mgonjwa huyo kumweleza majibu, kungoja amalize kulia, na kurudi kesho yake kumwona, hiyo nataka ibaki kazi ya mtu, ilipwe vizuri, na tuifundishe kwa umakini uleule tunaofundishia upasuaji.