Dola, kwacha au kadi: mama anakwenda Ndola

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anampeleka mama yetu Ndola, Zambia, kwa matibabu ya macho. Familia imekusanya dola 1,500: sehemu imetoka kwa watoto walio kazini, sehemu ni faranga za biashara ya mkaa na unga zilizobadilishwa kidogo kidogo. Tulipokaa jioni kupanga safari, kilichotugawa hakikuwa hospitali bali namna ya kubeba pesa. Shemeji alitaka zote zigeuzwe kwacha za Zambia hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, ili wakifika mpakani Kasumbalesa wasihitaji kuzungumza na mbadilishaji yeyote. Mdogo wetu, anayefanya kazi ofisini, alitaka ziwekwe benki na kubebwa kwenye kadi. Mama alitaka dola zake mkononi, zimefungwa ndani ya kitambaa.

Kila mmoja wao ana haki kwa upande fulani, na kosa katika jambo hili linalipwa na mgonjwa. Ndiyo sababu nimekaa na hesabu hizi siku kadhaa.

Kwanza tukubali kwamba hali yetu si ya Mzungu anayejiandaa kwa likizo. Yeye anatoka na sarafu ya kwake na kutafuta dola. Sisi dola tumeshazoea kuishi nayo: kodi ya nyumba, ada za shule, bei ya kiwanja, hata kwenye simu M-Pesa inatunza dola upande mmoja na faranga upande mwingine. Wazee wanakumbuka sababu. Mwaka 1993, sarafu yetu ilipokuwa bado zaire, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na bei ziliendelea kukimbia hadi faranga ya sasa ilipokuja mwaka 1998. Watu waliochomwa namna ile walijifunza kuweka akiba katika noti ambayo haiwezi kufutwa na tangazo la redio.

Kwa hiyo pesa yetu ya safari huvuka mara mbili: kutoka faranga kwenda dola, kisha kutoka dola kwenda sarafu ya nchi tunakokwenda. Kila inapovuka, kuna anayekata chake. Asiyejua amekatwa wapi atamlaumu mtu asiyehusika.

Kuvuka kwa kwanza hufanyika hapa mjini, na makambisti wetu, wabadilishaji fedha wa mitaani, ndio mabingwa. Utawakuta na meza zao ndogo na mafurushi ya faranga yaliyofungwa kwa raba. Nawatetea kwa mambo mawili. Wanapatikana saa ambazo benki imefunga. Na yule unayemjua, aliyekaa kwenye kona ile ile miaka kadhaa, ana jina la kulinda mbele ya majirani. Akikupa noti mbaya leo, kesho unajua pa kumkuta. Ubaya ni kwamba hakuna risiti, na kiwango anachokutajia kinategemea macho yako: ukionekana una haraka ya basi, kinabadilika. Benki inabandika kiwango ukutani na kukupa karatasi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, maana ukiulizwa uwanja wa ndege wa Luano au mpakani pesa imetoka wapi, una la kuonyesha. Lakini benki ina foleni, na ukitaka kwacha au randi ya Afrika Kusini mara nyingi utaambiwa hawana.

Kuna jambo la muda pia. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipata nguvu ghafla, ikatoka karibu 2,800 kwa dola moja hadi chini ya 2,500. Aliyekuwa amebana faranga zake alifurahi. Aliyenunua dola zote mwezi mmoja kabla aliumia. Najua watu wenye akili nzuri waliokuwa upande wa pili. Sidhani kuna somo la kutabiri humo. Ninachokiona ni kwamba mama alifanya vizuri kununua dola kila faranga zilipoingia, hamsini leo, thelathini wiki ijayo, kwa sababu siku moja mbaya haikuweza kumla akiba yote.

Sasa tuje kwa pendekezo la shemeji, la kugeuza zote kuwa kwacha kabla ya mpaka. Hofu yake ni ya kweli. Kasumbalesa ni mahali pa vumbi, malori na kelele, na mgeni mwenye mgonjwa mkononi ni rahisi kuzungukwa. Huko kuna mtu atakayekuhesabia noti haraka mbele ya macho yako, azikunje, aseme amekosea, azichukue tena, na zikirudi zimepungua. Dawa ni moja: wa mwisho kuhesabu uwe wewe, na zikishaingia mkononi mwako zisitoke tena. Hata hivyo mtu mwenye mama asiyeona vizuri hana utulivu wa kufanya hivyo, na hapo nampa shemeji haki yake.

Hesabu ndiyo inayomkataa. Tuchukue mfano. Tuseme ofisi ya kubadilisha fedha ya Ndola inakupa kwacha 23 kwa dola, na wa huku Lubumbashi anakupa 22. Tofauti ya kwacha moja inaonekana ndogo. Kwa dola 1,000 ni kwacha 1,000, yaani zaidi ya dola 43 zimebaki barabarani kabla daktari hajamgusa mama. Kisha matibabu yanakuwa nafuu kuliko mlivyoogopa, mnarudi na kwacha 3,000. Mlizipata kwa dola 136. Yule yule wa Lubumbashi sasa anazirudisha kwa 24 na kukupa dola 125. Dola kumi na moja zimekwenda kwa kutembezwa tu, bila kununua hata kidonge. Tena kwacha nayo ina safari zake: mwaka 2025 Benki Kuu ya Zambia ilileta noti mpya, zikiwemo za 200 na 500, na za zamani zikapewa muda wa kuondoka, hadi tarehe 31 Machi 2026. Mwenye kwacha za safari ya zamani kabatini asizitegemee kabla ya kuuliza.

Ukitaka kujua kama unakatwa sana, usiulize kiwango kimoja. Uliza viwili: unanunua dola kwa ngapi, unauza kwa ngapi? Nafasi kati ya hivyo viwili ndiyo mshahara wake. Ikiwa nyembamba, kaa. Ikiwa pana, mshukuru uendelee na njia.

Mama na kitambaa chake wana faida kubwa kuliko tulivyompa. Dola mkononi haihitaji mtandao, haihitaji namba ya siri, na Ndola inabadilishwa katika ofisi zenye leseni kwa kiwango kilichoandikwa mlangoni. Shida ya dola ni mwili wake. Hapa kwetu noti yenye mpasuko wa ukucha inakataliwa hata dukani, ingawa nchini kwake bado ni pesa halali. Nje kuna masharti mengine: mihuri, maandishi ya kalamu, na noti za zamani zenye picha ndogo ya kichwa hutazamwa kwa mashaka, na za tano, kumi na ishirini mara nyingi hupewa kiwango cha chini kuliko za hamsini na mia. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya dirisha Johannesburg na noti saba zikarudishwa, zote nilizopewa hapa kwa bei kamili. Nililala na njaa usiku ule. Tangu hapo noti ya mia ninayoipokea kwa safari ni ile yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutoka Oktoba 2013, safi, isiyokunjwa mara nne. Kitambaa cha mama kinakunja. Bahasha ngumu ingefaa zaidi.

Ubaya wa pili wa pesa mkononi hauna mjadala: ikiibiwa imekwenda. Kadi iliyoibiwa unaweza kuifunga.

Kwa hiyo mdogo wetu hakukosea, ila alisema nusu. Kadi ina nguvu pale unapolipa kiasi kikubwa kwa mara moja, kama bili ya hospitali au hoteli. Kiwango cha mitandao ya Visa na Mastercard kwa kawaida kinakaribia kile halisi, kisha benki yako inaongeza asilimia yake. Ikiwa ni tatu, dola 1,000 zimekugharimu dola 30, chini ya zile 43 za mfano wetu. Lakini kadi ile ile ukiitumia kutoa pesa kidogo kidogo kwenye mashine, mara tano, na kila mara benki yako na mwenye mashine wanakata ada yao, faida inayeyuka. Na hakikisha imeunganishwa na akaunti ya dola. Ikiwa ya faranga, pesa inavuka mara mbili bila wewe kuona.

Kuna swali moja la mashine ambalo ningependa kila msafiri alijue. Utaingiza kadi, nayo itakuuliza kwa heshima kama unataka kulipa kwa dola au kwa kwacha. Jibu ni kwacha. Ukichagua dola, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hapangi kwa kukuonea huruma. Watu wanachagua dola kwa sababu wanaielewa, na kile wanachokielewa ndicho kinachowagharimu.

Udhaifu wa kadi kwetu uko pengine. Hospitali inaweza kusema mashine haina mtandao leo. Hoteli inaweza kuzuia sehemu ya pesa kama dhamana, ikabaki imefungwa siku kadhaa. Na benki inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya Kongo ambayo ng'ambo haipokei ujumbe. Ijaribu kadi dukani mjini kabla ya kuondoka, na iambie benki unakwenda nchi gani.

Safari nyingine zinabadilisha mizani. Wanaokwenda Dubai wana bahati: dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997, kwa hiyo anayekupa 3.50 unajua papo hapo anakula karibu asilimia tano. Kununua dirhamu Lubumbashi hakuna maana. Afrika Kusini hairuhusu kuingia na zaidi ya randi 25,000 za noti, basi wazo la kubeba randi nyingi linafia mlangoni. China watu wanalipa kwa simu, na Alipay inapokea kadi za nje. Chini ya yuani 200 haikati, juu yake inakata asilimia 3. Kuhusu kutangaza pesa: kwetu ni kuanzia dola 10,000, Zambia na China kuanzia 5,000. Kutangaza hakumaanishi kutozwa. Kuficha ndiko kunakopoteza pesa.

Jioni ile tulimaliza hivi. Kwacha za dola 100 zinanunuliwa hapa, kwa kambisti wa kona yetu, kwa teksi, maji na chakula cha siku ya kwanza, ili Kasumbalesa yaya asifungue mkoba. Dola 600 zinakaa kwenye akaunti ya dola kwa bili ya upasuaji, baada ya kupiga simu hospitali kuuliza kama wanapokea kadi. Mia nane ni noti safi, nusu kwa yaya, nusu kwa mama. Mama amekubali bahasha, lakini bahasha hiyo itafungwa ndani ya kitambaa.