Treni ya abiria Kampala: bunduki ndani ya behewa, giza nje ya stesheni

Jioni, treni inayotoka Kampala kwenda Namanve hupita Namuwongo polepole kama mtu aliyechoka. Hapo nyumba zimeisogelea reli kiasi kwamba aliyekaa dirishani anaona sufuria jikoni na anajua kama ni maharage. Wauza nyanya huvuta maturubai yao honi ikilia. Treni ikishapita, wanayarudisha. Ni hapo msichana aliyekaa mbele yangu, aliyekuwa akiongea na simu, alijikuta ameshika hewa. Mkono uliingia dirishani ukatoka na simu, na kabla hajamaliza kupiga ukelele, kijana alikwisha kupotelea vichochoroni. Askari alikuwapo, mwisho wa behewa, bunduki begani. Angefanya nini? Afyatue risasi kuelekea majiko ya watu?

Nimelikumbuka tukio hilo kila ninaposikia watu wakibishana juu ya usalama wa treni zetu, na siku hizi wanabishana sana. Treni za abiria zilipotea Uganda miaka ya 1990. Mwezi Desemba 2015 zikarudi Kampala, asubuhi na jioni, kubeba wafanyakazi. Mwaka 2023 zikasimama tena kwa muda kupisha ukarabati wa njia. Sasa kuna reli ya kisasa: Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, mkataba wa euro bilioni 2.7 wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, kwa treni za umeme. Umeme maana yake nyaya, nyaya maana yake shaba, na shaba ina wateja wake.

Wapo wanaosema dawa ni nguvu: askari wengi zaidi, uzio, kamera, upekuzi mlangoni. Wapo wanaosema reli hulindwa na watu wanaoishi kandokando yake, na kwamba bunduki huongeza hofu tu. Mimi naegemea upande wa pili, lakini wa kwanza nao una hoja ambazo haziondoki kwa kuzipuuza.

Nchi hii imekwishapigwa mabomu. Julai 2010 watu zaidi ya 70 waliuawa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Oktoba 2021 bomu lililipuka ndani ya basi, na mwezi uliofuata mawili yakalipuka katikati ya jiji. Treni iliyojaa watu ni shabaha, na waliofanya hivyo kwingineko wanajulikana. Nchini Nigeria, Machi 28, 2022, watu wenye silaha walilipua njia ya treni ya Abuja–Kaduna, wakaua abiria na kuteka makumi. Huduma ilisimama kwa miezi na haikurejea hadi Desemba mwaka huo. Anayesema mlinzi asiye na silaha anatosha kila mahali, ajibu hilo kwanza.

Halafu kuna Afrika Kusini, mfano ambao pande zote mbili huuvuta kwao. Shirika la treni za abiria huko, Prasa, liliachana na kampuni zake za ulinzi mwishoni mwa 2019. Miezi michache baadaye ikaja karantini ya korona na treni zikasimama. Ilikuwa kama karamu: nyaya zikakatwa, stesheni zikang'olewa milango, madirisha na mabati, mpaka zikabaki kuta. Wapenda askari husema: mmeona? Ondoa mlinzi, reli inaliwa. Wanayo haki kusema hivyo. Lakini angalia vizuri, vitu viwili viliondoka, mlinzi na treni. Reli ambayo treni hupita kila nusu saa ina macho elfu juu yake. Reli iliyolala ni shamba lisilo na mwenyewe.

Sisi hatuhitaji kwenda Johannesburg kulijua hilo. Njia ya Kasese na ile ya kaskazini, kutoka Tororo kupitia Gulu hadi Pakwach, zilikaa miaka mingi bila treni. Nyasi zikaota, kisha mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba, yakaanza kuondoka moja moja usiku. Taruma la chuma ni zito na halina matumizi nyumbani kwa mtu, hakuna anayeliiba alitie sebuleni. Linaibwa kwa sababu kuna mahali pa kulipima kwa kilo. Ukiweka askari kila kilomita utawafukuza wezi wa kilomita hiyo; mizani ikibaki, watahamia nyingine. Kenya iliona hivyo Januari 2022, ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Afrika Kusini nayo ilizuia kuuza vyuma chakavu nje mwishoni mwa 2022. Marufuku ya jumla ina madhara yake, maana kuna vijana wengi wanaokula kwa kuokota mabati na chupa kihalali, na Kenya yenyewe iliilegeza baada ya miezi michache na kuweka masharti ya leseni. Lakini kumdai mnunuzi aandike jina la aliyemletea chuma ni kazi ya kalamu, si ya bunduki, na ni nafuu kuliko mshahara wa kikosi kizima.

Kuhusu upekuzi, watu hutaja treni ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza 2017, ambako abiria hupanga mizigo chini na mbwa kuinusa. Utaratibu huo unafaa kwa treni ya safari ndefu ambayo mtu ameikatia tiketi jana. Sasa upeleke stesheni ya Kireka, pembeni mwa Kampala, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu mia kadhaa wamefika kwa pamoja na kila mmoja anahesabu dakika. Ama utawachelewesha wapande kamunye, yaani basi dogo la abiria, ama mpekuzi atapapasa mkoba mmoja kati ya kumi na kujifanya amemaliza. Nimepapaswa hivyo mara nyingi kwenye milango ya maduka ya Kampala. Kile kifaa cha kugundua vyuma hulia, mlinzi husema "pita", nami hupita.

Upande wa pili nao usijitakase mapema. Kauli ya kwamba jamii italinda reli ni tamu, lakini jamii ipi? Mwaka 2014 watu wa kandokando ya reli Kampala walivunjiwa vibanda na nyumba kwa kuwa wamejenga kwenye eneo la reli. Kisheria, eneo hilo si lao. Ila ukimvunjia mama kibanda Jumatatu, usimtarajie Jumanne akupigie simu kwamba ameona vijana wanafungua bolti. Na walinzi wa LDU, vikosi vya ulinzi vya mitaa, waliorudishwa mitaani mwaka 2018, ambao ni vijana wa hapahapa kabisa, walilalamikiwa sana kwa kupiga watu wakati wa karantini ya 2020. Kuwa mwenyeji si lazima kuwe upole.

Sasa turudi kwa abiria mwenyewe, anayesahaulika katika haya yote. Muulize mwanamke anayeshuka jioni anaogopa nini. Wengi watakuambia wanaogopa ile njia ya kutoka stesheni kwenda barabarani kuliko behewa lenyewe. Kuna kituo kimoja upande wa mashariki ambako nimeshuka mara nyingi giza likiingia. Hakuna taa. Abiria hawaondoki mmoja mmoja. Husimama kando ya reli, husubiriana bila kuambiana, kisha huondoka kundi zima na tochi za simu, kama watu wanaotoka msibani. Anayebaki nyuma kufunga kamba ya kiatu hukimbia kuwafikia. Hakuna kamera itakayomsaidia huyo, wala askari aliyekwisha kuondoka na treni.

Kamera, kwa kweli, Kampala inazo. Zilianza kufungwa 2018, baada ya mauaji ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka mmoja kabla, katika mradi wa dola milioni 126 na kampuni ya Huawei. Zinasaidia kumtafuta mtu baada ya tukio. Kumzuia kibaka gizani ni habari nyingine.

Miji mingine ilijaribu mabehewa ya wanawake. Tokyo inayo, Mumbai imekuwa hata na treni nzima za wanawake tangu 1992. Wanaopinga husema ni kumfungia mwathirika badala ya mkosaji, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini anayebanwa na kupapaswa kila asubuhi anataka nafuu leo. Kwa treni yetu yenye mabehewa machache, sijui litatengwaje bila ugomvi. Kilichonivutia zaidi ni cha Uingereza: polisi wa reli wana namba, 61016, abiria hutuma ujumbe mfupi bila kuinua sauti, bila aliye karibu kujua. Kwetu ujumbe mfupi hufika hata kwenye simu ya batani. Kinachotakiwa ni namba iandikwe kwa rangi kubwa ndani ya kila behewa, kwa Kiluganda, Kiswahili na Kiingereza, na awepo mtu wa kuusoma. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Wazee waliokulia kwenye nyumba za reli Nsambya, wakati Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi kuanzia karakana hadi kwa mpiga kengele, hawasimulii askari. Humsimulia bwana stesheni: mtu mmoja mwenye kofia, anayejua nani anasafiri lini na kijana gani amekaa kwenye benchi tangu asubuhi bila tiketi. Huenda wanapamba, wazee hupamba. Lakini mtu wa aina hiyo, aliyepo stesheni kabla treni haijafika na akabaki hadi wa mwisho aondoke, na taa juu ya kichwa chake, ndiye ningemlipa kwanza kabla ya bunduki ya tatu ndani ya behewa. Bunduki ya kwanza ibaki, kwa sababu ya Kaduna na kwa sababu ya 2010, ila ikae stesheni kuu na kwenye madaraja, si katikati ya watu waliobanana ambako haiwezi kufyatuliwa.

Na kuhusu uzio wa reli mpya: kati ya Malaba na Kampala kuna watu wanaovuka kwenda kisimani, shuleni, sokoni. Wahandisi wakichora vivuko mahali watu wanapovuka sasa, uzio utadumu. Wakivichora mahali ramani inapopendeza, utakatwa kabla rangi haijakauka, na atakayeukata wa kwanza atakuwa mwanamke mwenye ndoo kichwani, wala si mwizi wa shaba. Mwizi atafuata, apite palepale.