Ganzi haipimwi kwa ukubwa wa hofu

Mtu anafika zahanati usiku, vidole vimekufa ganzi, midomo inachomachoma, moyo unaenda mbio, na ana hakika amepata kiharusi. Anapimwa presha, inakutwa juu, kwa sababu hofu yenyewe huipandisha. Anapewa kidonge na kuambiwa apunguze mawazo. Wiki mbili baadaye amerudi vilevile. Kwa maoni yangu, huduma hiyo ilikosea mara mbili: hakuelezwa kilichotokea mwilini mwake, na hakuna aliyemwambia avue viatu ili miguu yake ichunguzwe.

Kilichotokea kinaelezeka. Mwenye hofu hupumua kuliko mahitaji ya mwili, mara nyingi bila kujijua. Wa pembeni humwona akishusha pumzi ndefu kila mara. Hewa ya kaboni dayoksaidi inamtoka kwa wingi, damu inaegemea upande wa alkali, na kalsiamu iliyokuwa huru ndani ya damu inajishikiza kwenye protini. Kalsiamu huru ikipungua, neva huanza kufyatuka zenyewe. Ndiyo ile sindano sindano kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole. Ikizidi, vidole vya mikono vinakakamaa na dole gumba linavutwa kiganjani, na ndugu waliosimama pale wanaanza kutaja jini. Kumwambia mtu huyu kwamba ni mawazo tu ni kumdanganya, kwa kuwa ganzi yake ni ya kweli kabisa. Mketishe, avute pumzi kwa pua akihesabu 4, aitoe taratibu akihesabu 6, kwa dakika 5 hadi 10. Ule mtindo wa kupumulia ndani ya mfuko uachwe: ikiwa kumbe ana pumu au tatizo la moyo, mfuko unamnyima oksijeni.

Ganzi ya namna hii mara nyingi hushika mikono yote miwili, ingawa nyakati nyingine huelemea upande mmoja na kumtisha mtu zaidi. Kwa hiyo upande peke yake hautoshi kuamua. Ninachokipa uzito ni uwezo. Wasiwasi huleta hisia nyingi, lakini nguvu hubaki. Kiharusi hunyang'anya ghafla: mdomo unakwenda upande, mkono ulioinuliwa unashuka wenyewe, maneno yanavurugika. Hapo hakuna cha kupumua wala kusubiri. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Usimpe aspirini, huenda ubongo unavuja damu, wala usimpe maji, anaweza kupaliwa. Kukimbilia hospitali ni hivyo hivyo kwa kichwa kilichopasuka kwa maumivu makali ndani ya dakika moja, homa yenye shingo ngumu, au miguu iliyolegea pamoja na mkojo kugoma.

Sasa viatu. Ganzi inayoanzia nyayoni na kupanda taratibu kama soksi, kwa wiki au miezi, haitokani na pumzi. Muulize kama ndala humvuka mguuni bila yeye kujua. Muulize kama huyumba akifumba macho kunawa uso au kutawadha. Akisema ndiyo, neva zinazoupa ubongo habari za miguu zimedhoofu, na sababu zake kwetu si ngeni: kisukari, upungufu wa vitamini B12 (hasa kwa asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, au aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka), pombe, virusi vya UKIMWI, na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Hii ya mwisho huzuilika kwa kidonge kidogo cha piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, kila siku, ndiyo maana inauma kuona mgonjwa wa TB akiambiwa ana msongo wa mawazo.

Nyama kuchezacheza nako kumewanyima wengi usingizi. Jicho likicheza, wazee walisema kuna habari inakuja. Siku hizi mtu hufungua simu na kukutana na ugonjwa wa neva za misuli, ule aliokuwa nao mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking. Ugonjwa huo huondoa nguvu na kukondesha misuli, kwa kawaida ukianzia mahali pamoja: kifungo cha shati hakifungiki, ufunguo haugeuki, mguu unaburuta. Misuli inayoruka leo kwenye kope na kesho kwenye vigimbi, huku nguvu zote zipo, kwa kawaida inalalamikia usingizi mchache, kahawa, uchovu na hofu. Jipime mara moja: hatua 10 kwa visigino, hatua 10 kwa ncha za vidole, kisha chuchumaa na uinuke bila kushika kitu. Ukiweza, acha. Anayejipima kila saa huchosha misuli, nayo ikachezacheza zaidi.

Kosa la upande wa pili ndilo hunisikitisha zaidi, yaani kifafa kinachoitwa wasiwasi. Kuna degedege lisiloangusha mtu. Linaanza na hofu inayopanda kutoka tumboni, ileile kila mara, kwa sekunde 30 hadi dakika 2, halafu anakodoa macho, anatafunatafuna, mikono inapapasa nguo, na baadaye hakumbuki. Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, hudumu zaidi, na mwenyewe husimulia kila kitu. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kuwa safi kati ya matukio, basi ndugu arekodi video kwa simu. Daktari atajifunza mengi hapo.

Wengi hudai CT, ile picha ya kichwa ya mashine. Haioni neva za miguu, na saa za mwanzo inaweza kukosa kiharusi cha kuziba kwa mshipa. Kabla ya kuilipia, omba upimwe kwa kinyundo magotini na vifundoni, nguvu, mguso na mwendo, pamoja na sukari na tezi ya shingo kama unakonda na kutetemeka. Yote yakiwa sawa na dalili zikafuata mkondo wa hofu, tiba ya wasiwasi ianze siku hiyohiyo.