Amkia ni mnyambuliko wa amka, yaani umbo lake lililoongezwa kiambishi, au ni leksimu nyingine, neno linalojitegemea?

Tazama kitenzi chochote katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Kitenzi ndicho kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kufasiriwa, na minyambuliko imepangwa ndani yake kwa vifupisho: tde kwa tendea, tdn kwa tendana, tdw kwa tendwa. Mpangilio huo una msimamo wake: leksimu ni moja, mengine ni maumbo yake tu.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Pika huzaa pikia, pikwa, pikika, pikisha, hata pikishana, na anayejua kazi ya viambishi hivyo hahitaji kufasiriwa kila umbo. Kuyapa yote vidahizo ni kuandika sarufi upya kila ukurasa.

Kwa amkia, hesabu hiyo inagoma. Chukua amka, ongeza kiambishi cha kutendea, bado hutafika kwenye kumsalimu mtu. Andamana ni vilevile. Andama ni kufuata, lakini waliobeba mabango barabarani hawakutoka nyumbani ili wafuatane tu. Maana hizi hazijengeki kwa kuunganisha mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana. Mzungumzaji hujifunza neno zima, kama anavyojifunza meza au jua. Na mwanafunzi asiyejua kuwa amkia limetokana na amka atalitafuta wapi?

Mimi huangalia uzao, yaani nomino zinazotokana na umbo hilo. Amkia lina maamkizi, andamana lina maandamano na mwandamanaji, patana lina mapatano. Nomino hizo zimechukua maana ya umbo lililonyambuliwa, si ya mzizi. Pikwa halina lolote la namna hiyo. Umbo lililofikia hapo limeshajitenga, na lipewe kidahizo chake.

Kipimo hiki nacho kina mwanya. Bishana lina mabishano, ilhali maana yake inatabirika kabisa kutokana na bisha. Kwa hiyo uzao peke yake hautoshi. Maana nayo iwe imehama.

Kamusi za simu zimeondoa kisingizio cha kurasa, kwani unaandika umbo lolote na linakuja. Baadhi yake, hata hivyo, hukuletea amkia bila kutaja amka popote, na hapo upande wa mzizi una haki ya kulalamika. Kidahizo cha amkia kinaweza kujitegemea na bado kikaonyesha kilikotoka. Mstari mmoja unatosha.