Marekani unanunua shule, nyumba ni nyongeza

Nilimuuliza dalali wa huku nje ya Chicago swali ambalo pale kwetu Isevya, Tabora, hata mtoto angenijibu: mtaa huu shule yake ikoje? Akatabasamu, akasema nikajitafutie mwenyewe mtandaoni. Nikadhani ananificha jambo, kumbe anaiogopa sheria. Tangu mwaka 1968 ni marufuku dalali kumsukumia mnunuzi mtaa fulani kwa sababu ya rangi au asili yake, na ukisifia shule unaweza kuonekana unaonyesha kijanja weupe wanakaa wapi. Sheria ina sababu zake, siibezi. Lakini nimezoea dalali wa Tabora, ambaye hujakaa vizuri kwenye pikipiki ameshakwambia kiwanja kina kesi ya mirathi, jirani mkorofi, na maji hutoka siku zipi.

Kinachonitoa jasho hasa ni kwamba huku shule imefungwa kwenye anwani. Ramani imechorwa mistari, na mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida anasoma ule upande alioangukia. Hapa Illinois fedha nyingi za shule zinatoka kwenye kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Basi penye nyumba ghali pana maabara na walimu wa kutosha, na hao walimu wanazidi kupandisha bei ya nyumba. Wazazi wa San Antonio, Texas, waliupeleka mfumo wa namna hii Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1973, majaji watano kwa wanne.

Kwa hiyo nikitaka shule nzuri kwa bei yangu, nisogee kule mwisho wa reli ya Metra, niondoke gizani nirudi gizani. Nikitaka karibu na kazi, nibebe mkopo wa miaka 30. Mimi, ambaye kwetu msingi unachimbwa mwaka huu, lenta inasubiri tumbaku iuzwe, bati linakuja Mungu akipenda, na benki hawatujui hata kwa sura!

Najua mnachosema. "Kashiba huyo, analalamikia kuchagua." Au: "Rudi basi." Sikilizeni, sijasema Tabora ni peponi. Darasa la kukaa wanne kwenye dawati nimelikaa, hakuna wa kunisimulia. Ninachosema ni kwamba pale Tabora Boys, sekondari ya serikali, mtoto anaingia kwa alama zake. Wa Urambo ambaye kwao ni nyasi analala bweni moja na mtoto wa mkurugenzi kutoka Dar, na hakuna anayeuliza baba yake ana nyumba mtaa gani. Wanaopata nafasi hiyo ni wachache, ndiyo, tena mno, na wengine wote tunajua wanabaki wapi. Ila huku kwa matajiri, mtoto mwenye akili akizaliwa upande mbaya wa mstari, mara nyingi hata huo mlango mwembamba hauoni.

Na wewe shemeji unayenicheka kwenye kundi la familia kwamba nimegeuka Mzungu wa kuhesabu shule: wanao wako bweni Mwanza, shule ya kulipia, na nyumba yako ya Ipuli bado haijapigwa plasta. Hebu piga hesabu ya ada ya mwaka huu peke yake, kisha uniambie nani kati yetu hajanunua shule.