Nyuma ya Zombi Anayekuchekesha

Imezoeleka kudhaniwa kwamba filamu za kutisha zenye vichekesho hutengenezwa na watu wanaocheka kutwa nzima. Mtazamaji anaona mkono uliokatwa ukimwinda mwenyewe, anaona bibi kizee akiruka hewani meno nje, anaangua kicheko, kisha anaamini kwamba waliokuwa kwenye seti walikuwa wanacheza tu. Naipinga dhana hiyo kwa nguvu zote. Inawavunjia heshima watu ambao kwangu ni mafundi wakubwa kuliko wote katika sinema: wapambaji wanaobadili sura za waigizaji kwa vipodozi, wachanganyaji wa damu bandia, wanaoingia ndani ya mavazi ya mazimwi, na yule anayeshika kumbukumbu za mwendelezo, anayejua tone lipi la damu lilikuwa kwenye shavu lipi.

Nianze na Evil Dead II ya Sam Raimi, iliyotoka mwaka 1987. Ilipigwa mwaka 1986 katika mji mdogo wa Wadesboro, North Carolina, na ndani ya kibanda cha msituni, ambamo hadithi inatokea, palijengwa kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo wa shule. Ted Raimi, mdogo wake mwongozaji, ndiye aliyepewa kazi ya kuwa Henrietta, maiti ya mama aliyezikwa chini ya nyumba. Vazi lake lilikuwa mwili mzima wa povu la mpira, unene juu ya unene, kuanzia usoni mpaka miguuni. Povu hilo halipitishi hewa. Ukiwa ndani yake chini ya taa kali, katika joto la kusini mwa Marekani, jasho linakutoka na halina pa kwenda. Lilijaa ndani ya vazi hadi likawa linamwagwa. Ipo shoti moja ambapo Henrietta anazunguka hewani, na ukikaza macho utaliona jasho la Ted likichuruzika kutoka kwenye sikio la vazi. Limebaki kwenye filamu hadi leo. Nikifika hapo siogopi tena wala sicheki. Namfikiria kijana aliyefungiwa mle ndani, aliyetakiwa atishe na achekeshe kwa wakati uleule, huku haoni vizuri na hapumui vizuri.

Kwenye filamu hiyohiyo kuna Bruce Campbell na mkono wake uliopagawa. Mkono unampiga, unamvunjia sahani kichwani, unamburuta sakafuni. Hakuna mwigizaji mwingine pale. Anayepiga na anayepigwa ni mtu mmoja, na lazima mtazamaji aamini kwamba ule mkono una akili yake na nia yake mbaya. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Kila anguko limepangwa: mguu utue wapi, sahani ivunjike lini, kichwa kigeuke kwa kasi gani. Sahani ikichelewa nusu sekunde, kicheko kimekufa. Na shoti ikiharibika, sakafu ifagiliwe, sahani nyingine ziletwe, nywele zirudishwe zilivyokuwa, mwigizaji arudi mahali pake aanze kujipiga upya. Woga una mapigo yake na kicheko kina mapigo yake; anayetengeneza filamu ya aina hii anatakiwa kuyashika yote mawili bila kuyachanganya. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaoiweka chini ya tamthilia za huzuni, kana kwamba machozi peke yake ndiyo kipimo cha ufundi.

Damu nayo ni kazi ya kujitegemea. Filamu ya kwanza ya Evil Dead ilipigwa katika majira ya baridi ya mwaka 1979 kuingia 1980, kwenye kibanda karibu na Morristown, Tennessee, na damu yake ilikuwa sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi ya chakula. Sharubati hiyo ni tamu na inanata. Inanata kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye vitasa vya milango, kwenye mikono ya mshika kamera. Waigizaji waliogeuka mashetani walivaa pia lenzi nyeupe zilizowafanya wasione karibu chochote, na hazikuweza kukaa machoni kwa muda mrefu. Vuta picha: kipofu kwa muda, umelowa sharubati, baridi inakula mifupa, na unaambiwa ucheke kama shetani. Ilipofika filamu ya pili, damu nyingine ilipakwa rangi ya kijani na nyeusi, kwa matumaini ya kulegeza mikono ya wakadiriaji wa filamu, wale wanaoamua nani aruhusiwe kuitazama. Watu huona rangi hizo kama mzaha tu, kumbe nyuma yake kulikuwa na hofu halisi ya filamu kufungiwa milango ya kumbi.

Peter Jackson alipopiga Braindead huko New Zealand, iliyotoka mwaka 1992, tukio la mwisho, la kukatakata mazombi kwa mashine ya kukatia nyasi, lilitumia takriban lita 300 za damu bandia. Watu hutaja idadi hiyo kwa kicheko. Mimi hujiuliza nani aliipika, nani aliipiga deki, na nani alifua mashati. Maana shati likishalowa, haliwezi kurudi kwenye shoti ya kabla ya kulowa. Yanahitajika mashati kadhaa yanayofanana, yaliyochakazwa kwa kiwango kilekile, na mtu wa kuyapanga kwa mpangilio wa hadithi, siyo wa ratiba, kwa sababu filamu haipigwi kwa kufuata hadithi.

Hata jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, wamelipitia somo la damu. Kundi la Isaac Nabwana linatengeneza filamu za mapigano na vichekesho, siyo za mazimwi, lakini damu ni damu. Mwanzoni walitumia ya ng'ombe, wakaiacha baada ya mwigizaji kuugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Uamuzi huo naupenda kuliko mlipuko wowote kwenye filamu zao: afya ya mtu ilitangulia uhalisia.

Lakini tukio linalonishangaza kupita yote ni la An American Werewolf in London ya John Landis, ya mwaka 1981. David Naughton anageuka mbwamwitu sebuleni, taa zinawaka, na nyuma yake unaimba wimbo laini wa mapenzi. Filamu nyingi huficha mageuzi kama hayo gizani. Hapa mpambaji Rick Baker na vijana wake hawakuwa na giza la kujifichia. Kazi ya vipodozi ilichukua hadi muda wa saa 10 kwa siku kwenye ngozi ya Naughton, tukio lenyewe likachukua siku kadhaa, na kila kipande kilipigwa peke yake: mkono wa bandia unaorefuka, uso wa bandia unaosukumwa kutoka ndani, mgongo unaotuna. Nywele zinazoota zilikuwa nywele zinazovutwa ndani ya ngozi bandia, kisha picha ikarudishwa nyuma. Nani angewaza hivyo? Fundi aliyekaa na tatizo mpaka likakubali. Mwaka 1982 Baker akapewa Oscar ya kwanza kabisa ya kitengo cha vipodozi. Yaani kitengo hicho, ambacho leo watu huvalia suti kukisubiri, kilifunguliwa na filamu ya kuogofya na kuchekesha.

Kuhusu maisha yenyewe ya seti, sijaona filamu inayoyasema kwa upendo kuliko One Cut of the Dead ya Mjapani Shinichiro Ueda, ya mwaka 2017. Inaanza na dakika 37 za mazombi bila kukatwa hata mara moja, halafu baadaye inakupeleka nyuma ya kamera. Sisimulii zaidi, itafuteni. Iligharimu takriban yeni milioni 3, ikiwa na waigizaji wasiojulikana, na kumbi za Japani zikaingiza zaidi ya yeni bilioni 3. Watu walilipa kuona jasho la wafanyakazi, nalo likawagusa kuliko mazombi.

Kwetu Afrika Mashariki vijana wengi wanatengeneza vichekesho vya majini na mizimu, kwa kamera ndogo na simu, na wengine wana kipaji kikubwa. Nawaunga mkono. Kinachoniuma ni nafasi ya mpambaji. Mara nyingi anaitwa mwisho, anapewa muda mfupi, analaumiwa kwanza, na jina lake halipo kwenye bango. Aliyevaa vazi la jini hata uso hauonekani, kwa hiyo malipo yake yanakuwa ya kumsitiri tu. Halafu tunalalamika kwamba majini yetu hayatishi.

Richard Taylor, aliyesimamia madoido ya Braindead, ndiye huyohuyo aliyepokea Oscar mbili mwaka 2002, ya vipodozi na ya madoido ya picha, kwa filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Mikono iliyozoea sharubati na povu la mpira iliaminiwa, ikapewa muda, ikakua. Mpambaji wa Manzese au wa Likoni naye anahitaji kuaminiwa hivyo. Aingizwe kwenye mazungumzo tangu hadithi inapoandikwa. Gundi ijaribiwe kwenye ngozi ya mwigizaji siku moja kabla, siyo dakika tano kabla. Aliye ndani ya vazi apewe maji na mtu mmoja wa kumwangalia yeye tu. Na baada ya mwongozaji kusema tumemaliza, wakati wengine wanakunja nyaya na kuondoka, mpambaji bado anabandua kipande kwa kipande kwa mafuta, polepole, ngozi isichubuke. Saa hiyo ni ya kazi, kwake na kwa anayebanduliwa, na iandikwe kwenye mkataba kama saa ya kazi.