Solo ambayo hakuna aliyeniomba

Mi naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya watu wa kawaida tu, tupo mataifa kama kumi hivi, hakuna usaili, ukiwa na Jumanne jioni haina kazi umeshaingia. Nusu yetu nota hatusomi, tunafata sikio la jirani, na jirani yangu ni mzee mmoja ambaye nimekuja kugundua nimeshachelewa kwamba naye anafata langu.

Basi tukaalikwa nje ya nchi tukaimbe kuchangishia hospitali ya watoto, kila mtu na nauli yake (tungetuma tu hizo nauli wangepata nyingi zaidi ila hayo kwenye kwaya huwa hayasemwi). Mwalimu akachagua Haleluya ya mtunzi Handel, ile kubwa, akatupa na historia, kwamba mara ya kwanza iliimbwa Dublin mwaka 1742 na hela zikaenda kwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni, watu 142 wakatoka jela, na ukumbi ulibana mpaka wanaume wakaombwa wasije na panga kiunoni na wanawake waache nyumbani yale magauni yenye fremu ndani. Sasa msiniaibishe, akasema. Kanitazama mimi.

Anayeijua hiyo haleluya anajua mtego uko mwishoni, mnapiga haleluya nne za harakaharaka, halafu kimya, kimya kabisa, ndo inakuja ile ya mwisho ya taratibu. Hicho kimya tulikifanyia mazoezi wiki tatu. Mi kwenye karatasi yangu nikakizungushia duara la kalamu nyekundu nikaandika NYAMAZA.

Siku yenyewe tumeanza vizuri tu, mara watu wote ukumbini wakasimama. Wote! Kumbe kwa wenzetu wanaoongea Kiingereza ni desturi ya miaka na miaka, haleluya hiyo ikianza wanasimama, mi nani kaniambia, nikajua ukumbi unaungua. Nikamnong'oneza mzee kwa kiingereza changu cha kubahatisha, wanaenda wapi? Naye na cha kwake cha kubahatisha akaelewa nauliza tuko wapi, akanihurumia, akachukua faili langu akanipa lake lililofunguliwa penyewe.

Faili lake halina duara jekundu.

Haleluya nne zikapita, mwalimu kakunja ngumi hewani, watu arobaini wamekata pumzi, mzee kaona wekundu kafunga mdomo, na mimi HAAAA peke yangu, kwa besi, kwenye ukumbi wenye dari refu ambapo sauti haifi, inaenda kule juu inatembea inarudi kukusalimia. Kwenye "leluya" sikufika, nikaigeuza kikohozi katikati, haaa-khm-khm, kikohozi cha kwenye nota na kilikuwa kwenye nota kweli, hilo naomba niandikiwe. Ngumi ya mwalimu ikabaki juu inatetemeka. Haleluya ya mwisho sauti ya kwanza waliiimba mabega yanacheza kwa kicheko, waliokuwa nyuma wakasifia eti ile mitetemo ilipendeza.

Mwisho tukasimama mlangoni na ndoo za michango, akaja mama mmoja mtu mzima, kashika noti, anatabasamu, akaniuliza kwa upole wewe ndo yule? Nikakana. Mzee akaninyooshea kidole, na kwa kiingereza safi ambacho sijawahi kumsikia nacho akasema ndiye, ndiye huyu.